Usifute Usichokijua

3 Februari

Mama Bonge,

Nimefika salama. Nimepewa kitanda cha dirishani na nyonga imepigwa picha. Daktari anasema atanipasua tarehe tano Machi, si kabla, kwa sababu presha lazima ishuke kwanza. Kwa hiyo mwezi mzima nitakuwa mtu wa kulala chali na kulumbana na dari.

Usinipigie simu. Niandikie. Dereva wa hospitali hupita huko mara mbili kwa wiki kuchukua vifaa, na amekubali kubeba barua zetu. Mwaka uliopita ulikuwa hujui kuandika barua ya mistari mitatu. Sasa unajua, na anayejua kitu asipokitumia kinamtoroka.

Kazi ni hii. Kompyuta yangu imekuwa nzito. Ina takataka za miaka saba. Isafishe kabla hujaanza kuchapa, lakini uwe mwangalifu: usifute usichokijua. Ukikuta kitu hukielewi, kiache, uniulize. Halafu anza kuchapa daftari la kwanza kati ya yale niliyokuachia. Mwenye kiwanda cha kuchapa vitabu anakitaka kitabu chetu cha kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa Machi. Nimesema "chetu" kwa makusudi.

Mfinye Bonge shavu kwa niaba yangu, lile la kushoto, ndilo nene zaidi.

Mwalimu

7 Februari

Shikamoo Mwalimu,

Pole na nyonga, pole na dari. Sisi hatujambo. Bonge ameota jino la nne na analijaribia kwenye kila kitu, hata ufunguo wa chumba chako.

Kompyuta nimeisafisha kama ulivyosema. Imengaa, ungeiona ungefikiri imetoka dukani leo. Sikujua kama kitu kinaweza kukaa na takataka nyingi hivyo na bado kikafanya kazi. Mimi ningekuwa nimeshalala chini.

Kesho naanza daftari la kwanza. Usiwe na wasiwasi, lala.

Mwanafunzi wako,
Mama Bonge

12 Februari

Wifi, shikamoo.

Ukiiona barua hii utashangaa, kwa kuwa simu ipo. Lakini simu ni ya watu wawili, mimi na kaka yako, na akitafuta meseji zake anazisoma na zangu. Tena kwenye simu ungenisikia sauti, na leo sitaki mtu aisikie.

Mwalimu aliniandikia niisafishe kompyuta yake. Nikaisafisha. Nilifungua lile boksi kwa ncha ya kisu. Vumbi lilikuwa limeshikana kama sufi ya mto, nikalitoa kwa brashi ya kuoshea chupa ya Bonge, ile mpya. Kuna feni, na chini ya feni kuna bati lenye meno meno kama kitana. Nikalifungua nalo. Chini ya bati ndiko nilikokuta uchafu wenyewe, wa kijivu, umeganda kama uji uliosahauliwa sufuriani.

Mwalimu alikuwa amenionya nisifute nisichokijua. Lakini uchafu naujua, wifi. Mama yenu tangu nilipoolewa hajanisifia kitu kingine ila usafi. Ndicho cheti pekee nilicho nacho. Nikasugua kwa kitambaa chenye maji kidogo mpaka nikajiona sura kwenye kile kipande cha mraba. Nikacheka peke yangu kwa furaha. Nikaacha kikauke, nikarudisha kila kitu.

Sasa inawaka, na dakika tatu za kwanza ni nzuri kabisa. Halafu feni inaanza kulia kama pampu ya maji na herufi zinachelewa. Nikiandika "mama" naweza kuondoka, nikampangusa Bonge kamasi, nikarudi, ndipo "ma" ya pili inaingia. Siku nne nimechapa kurasa mbili. Mwalimu nilishamwambia imengaa.

Najua ulichosema jikoni kwenu siku tulipokuja na mtoto. Ulisema kaka yako kaoa mtu wa kujaziwa fomu. Nilikuwa nyuma ya mlango na sahani mkononi. Sikuandikii kwa ajili ya hayo. Nakuandikia kwa sababu sina fundi mwingine, na kwa sababu nimeona heri unicheke wewe kuliko Mwalimu kunisikitikia.

Usimwambie kaka yako.

Wifi yako,
Mama Bonge

15 Februari

Wifi,

Marahaba. Mafundi wenzangu hapa waliposikia nimepata barua ya wifi walidhani ni bili ya intaneti.

Sijacheka. Nimecheka kidogo pale uliposema uji.

Nisikilize. Kama ulivuta vile vipande virefu vya kijani vilivyosimama ndani ya boksi, visukume tena mpaka visikike "tak". Lakini sidhani kama ndivyo. Kipande kisipokaa sawa mashine huwa nzito tangu kuwaka, au haiwaki kabisa. Yako inaanza vizuri halafu inalegea. Hilo ni joto. Feni inalia, maana yake inazunguka, na inajitahidi.

Kile ulichokisugua si uchafu. Ni dawa. Fundi huipaka kati ya prosesa, yaani hicho kipande cha mraba ulichojionea sura, na lile bati la juu, ili joto lipande kwenye bati lipepewe na feni. Umeipangusa dawa, joto limekosa njia, na mashine inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Kwa ufupi ina homa. Na mwenye homa hakimbizwi.

Izime. Ipake dawa nyingine, ile ya kwenye tyubu, kidogo tu kama punje ya mchele, rudisha bati, kaza skrubu. Itapona.

Na Mwalimu mwambie. Hata mimi nikiharibu mashine ya mteja huwa namwambia. Si siku ileile, lakini namwambia.

Ya jikoni tuyaache.

Wifi yako, Fundi

17 Februari

Mama Bonge,

"Imengaa" haipo. Andika "imeng'aa", kwa kikato juu, kama ng'ombe na ng'oa. Mengine yote ni safi.

Barua yako niliwasomea wanawake wa wodi hii. Tuko sita. Mama wa kitanda cha pili akasema nina bahati, wanawe wa kuzaa hawajamwandikia hata neno. Nikamwambia huyu si wa kuzaa, huyu ni wa ubao na chaki. Nilijidai mno, mpaka muuguzi akaja kunipima presha.

Sasa nijibu kimoja. Umefuta mafaili mangapi? Yale ya zamani yalikuwa yameijaza mashine mpaka kooni, na ndiyo maana nilikuomba uisafishe. Wengine wangeogopa kuyagusa. Wewe umeyasafisha siku nne tu baada ya kuambiwa.

Nitumie kurasa kumi za kwanza. Kalamu yangu nyekundu inaota kutu.

Mwalimu

21 Februari

Shikamoo Mwalimu,

Nimefuta mafaili arobaini.

Kurasa zimechelewa, nisamehe. Bonge ana homa. Hali, halali, anataka mgongo tu. Akipata nafuu nitakimbiza kazi.

Naandika haraka, dereva anangoja.

Imeng'aa. Nimeiandika tena ili uone nimeshika.

Mama Bonge

22 Februari

Wifi,

Nilifanya kama ulivyosema, na haikupona. Au ilipona siku mbili ikarudia.

Nilipaka dawa kidogo, kama punje ya mchele. Ile ya kaka yako ilikuwa imekwisha, nikapaka ya Bonge, ya watoto, yenye harufu ya matunda. Siku ya kwanza herufi zilikuwa zinakimbia mbele ya vidole. Nikachapa kurasa sita, nikaimba. Jana feni ikaanza tena kulia, na chumba kizima kinanukia kama mdomo wa mtu anayekwenda kujitambulisha ukweni. Nimefungua bati, nimekuta imekauka na kupasuka pasuka kama chokaa. Labda ingekuwa ile ya watu wazima?

Lakini siyo hilo linalonikaa kooni. Mwalimu ameniuliza nimefuta mafaili mangapi. Wifi, kazi ya kusafisha aliyoisema ilikuwa hiyo. Ya ndani ya kioo, siyo ya ndani ya boksi. Niliisoma barua yake mara tatu nimesimama, nikaona jinsi nilivyokuwa na kisu na brashi ya chupa, na sura yangu nilipokuwa nacheka. Nikashindwa kukaa kwenye kiti chake.

Halafu nikamjibu nimefuta arobaini. Sijui hata faili linafutwa vipi. Nilichagua arobaini kwa sababu inasikika kama kazi. Kurasa nikasema zimechelewa kwa kuwa Bonge ana homa. Neno homa nimelitoa kwenye barua yako, ulikuwa umeliandikia mashine.

Mtoto ni mzima. Yuko hapa chini ya meza anakula kamba ya kiatu. Nimemsingizia ugonjwa mtoto wangu mwenyewe, na leo kila nikimgusa paji la uso mkono wangu unanionea haya.

Mama Bonge

25 Februari

Wifi,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka mteja akaondoka. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu kosa ni langu. Nilikuandikia "dawa, ya kwenye tyubu" kama naongea na fundi mwenzangu. Nyumba gani ina dawa nyingine ya tyubu zaidi ya dawa ya meno? Umefanya hasa nilichokuambia.

Dawa yenyewe iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye soksi isipasuke. Ya kijivu, uitambue. Dawa ya meno itoe yote kwa pamba na spiriti, isibaki hata harufu, subiri pakauke. Tia punje moja katikati. Weka bati. Skrubu zikaze kwa kukingama, hii kidogo, ya upande wa pili kidogo, usiimalize moja ukaiacha nyingine. Kabla ya kufunga boksi hakikisha waya wa feni umeingia. Iwashe uhesabu nusu saa. Ikipita nusu saa bila kulia, imepona.

Na ya jikoni. Nilisema tuyaache, lakini hayaachiki. Niliyasema, na nilijua uko karibu, nilisikia sahani. Siku zile nilikuwa nimeonekana sifai kazi mahali fulani kwa sababu ya kukosa cheti, nikatafuta mtu wa kumpita. Nikakupata wewe. Tangu barua yako ya kwanza nimekuwa nikiiona ile sahani. Umefungua boksi la kompyuta kwa kisu na ukalirudisha likawaka. Nina wanafunzi hapa wenye vyeti ambao hawathubutu.

Mambo ya mashine yamekwisha. La Mwalimu ni lako. Barua hiyo sikuandikii.

Wifi yako

25 Februari

Mama Bonge,

Kwanza Bonge. Anaendeleaje? Wodi nzima inauliza.

Pili, nakuuliza, na usiogope kunijibu. Katika mafaili arobaini, lilikuwemo moja lenye jina "Barua za Kwanza"? Humo nimehifadhi barua ya kwanza ya kila mtu mzima aliyewahi kujifunza kuandika kwenye kile chumba. Wapo thelathini na mmoja. Wengine wameshafariki. Karatasi zenyewe zililiwa na mchwa, na nakala nyingine sina. Zilikuwa ziwe sura ya mwisho ya kitabu.

Nilikuandikia usifute usichokijua, lakini sikukutajia cha kuacha. Hilo ni kosa langu. Kama limefutika, niambie tu limefutika. Sitakukaripia. Lakini nataka kujua kabla ya tarehe tano. Daktari anasema presha imepanda tena na hajui kwa nini, na mimi sikumwambia.

Mwalimu

28 Februari

Shikamoo Mwalimu,

"Barua za Kwanza" ipo. Naanza na hilo ili ukitaka kuiweka barua hii chini uiweke, upumzike. Nimeifungua, nimehesabu, zote thelathini na moja zipo. Nimezichapisha kwenye karatasi kwa printa yako, ziko ndani ya bahasha hii pamoja na kurasa kumi na nne za daftari la kwanza.

Sasa mengine.

Sikufuta faili hata moja. Sijui kufuta. Uliponiandikia nisafishe kompyuta, nilichukua kisu nikafungua boksi, nikapangusa vumbi. Nilipangusa na kitu cha kijivu nisichokijua, kwa kuwa nilidhani uchafu wote ni mmoja. Kumbe ni dawa ya kupoza mashine. Mashine ikaugua. Nikaipaka dawa ya meno. Ndiyo, ya meno. Wifi yangu ambaye ni fundi amenitumia dawa ya kweli, nimeipaka juzi, na tangu hapo haijalia. Imechapa saa tano mfululizo. Lakini ilikuwa mbovu siku zote zile nilizokuwa nakuandikia imeng'aa.

Uliponiuliza mafaili nikaelewa ulichokuwa unataka, nikaona haya. Nikasema arobaini. Nilifikiri ni namba tu, haimuumi mtu. Sikujua kama wewe huko utakuwa unayahesabu mafaili moja moja unatafuta yaliyokufa.

Na Bonge hakuwa na homa. Hajawahi kuwa na homa tangu uondoke. Hili ndilo nililoliweka mwisho kwa sababu sikulitaka kabisa kwenye karatasi. Mashine niliiharibu kwa kutojua. Hili nilijua.

Umesema "kitabu chetu". Kama unataka kusema "changu", nitaelewa. Ufunguo naweza kumwachia jirani wa cherehani, yeye haondoki. Lakini kama utaniruhusu niendelee, mchana nitachapa Bonge akilala, na nitamaliza kabla ya mwisho wa Machi. Naweza. Sasa nalijua boksi lile kuliko kabati langu.

Nakuombea upone.

Mama Bonge

2 Machi

Mama Bonge,

Ufunguo baki nao.

Nimezisoma zote thelathini na moja. Muuguzi amenipima presha kisha akapima tena, akidhani kipimo kimeharibika. Imeshuka. Tarehe tano nitaingia asubuhi.

Nimekasirika. Usifikiri kwa kuwa nimesema ufunguo baki nao basi sijakasirika. Siyo kwa mashine. Anayemwambia mtu "safisha" bila kusema nini, tena mwalimu wa lugha, asilalamike akisafishiwa. Nilijitia alama ya kosa mwenyewe. Wala si kwa arobaini, ingawa hiyo iliniuma. Nimekasirikia homa.

Kwa sababu hujui kilichotokea hapa. Barua yako ya homa niliwasomea. Tangu siku ile, kila saa kumi jioni, wagonjwa wanapomaliza kuoshwa, mama wa kitanda cha pili amekuwa akiwaongoza wenzake kumwombea Bonge. Yeye ana maumivu kuliko sisi wote, hawezi hata kukaa, lakini alikuwa akishika chuma cha kitanda anajiinua kwanza ndipo aanze. Amemwombea mtoto asiyemjua kwa siku nyingi kuliko alivyojiombea.

Ilipokuja barua yako ya sasa wote walinigeukia. "Mtoto vipi?" Nikaitazama karatasi, nikawatazama. Nikasema amepona. Mama wa kitanda cha pili akalia. Akasema angalau moja limejibiwa.

Nimefundisha miaka thelathini na minane, nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo, na nimeidanganya wodi nzima nikiwa nimelala chali. Nilitaka kumwambia ukweli jana. Nilifungua mdomo nikamwomba maji. Sina uso.

Basi aibu hii sasa ni yetu wawili, kama kitabu. Kurasa zako nimezipitia. Makosa tisa tu. Anza daftari la pili.

Mwalimu

4 Machi

Kwa Mama wa kitanda cha pili,

Shikamoo mama. Hunijui. Nimemwomba dereva akupe barua hii mkononi mwako, na kama macho yanakusumbua umwombe muuguzi akusomee. Usimpe Mwalimu aisome, maana ataruka sehemu zinazonihusu mimi ili anistiri.

Mimi ndiye mama wa Bonge, yule mtoto uliyemwombea. Mama, hakuwa na homa. Nilichelewesha kazi ya Mwalimu kwa kosa langu, nikaona haya kusema, nikamsingizia mtoto. Mwalimu alipojua aliona haya kukuambia, ndiyo maana akasema amepona. Uongo wake umezaliwa na wangu. Mchukie mwenye mzizi.

Sijawahi kuandika barua kwa mtu nisiyemjua, na sikujua niianzeje, kwa hiyo nimeianza na ukweli. Nimeambiwa ulikuwa unashika chuma cha kitanda unajiinua. Nimelisoma hilo nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, jirani wa cherehani akadhani nimefiwa. Sina cha kukulipa. Mwanangu ni mnene, ana meno manne, na akikua nitamwambia kuna mama mmoja alimwombea akiwa mzima.

Maombi yako sijui yalikwenda wapi, kwa kuwa huku hayakumkuta mgonjwa. Kama yanaweza kuhamishwa, nakuomba sana uyahamishie kitanda cha dirishani. Kesho asubuhi anapasuliwa, na yeye anaumwa kweli.

Yakibaki, chukua na wewe.

Mama Bonge